Bastola ya baba mdogo na ile nukta nyekundu

Nimerudi Dar juzi nikitokea nyumbani Tarime. Mgongo bado unauma kwa basi, lakini kichwa kimejaa, na najua nisipoandika sasa sitaandika tena. Wadau mnaopenda siasa mtanisamehe, leo ni habari ya bunduki.

Baba mdogo wangu ni mfanyabiashara wa ng'ombe. Ananunua kwenye minada ya Tarime na Serengeti, mara nyingi upande wa Mugumu, kisha anasafirisha. Siku hizi kuna fedha za kwenye simu, sawa, lakini muuzaji wa mnadani akishaona noti ndiyo anaamini. Kwa hiyo baba mdogo anatembea na noti, na kwa sababu anatembea na noti ana bastola. Ni ya leseni. Kabla ya kuipata alizungushwa kijijini, kwenye kamati za ulinzi na usalama, hadi polisi.

Safari hii nilipofika, baada ya shikamoo na uji wa ulezi, akaniita chumbani na kufunga mlango. Akatoa bastola, akaondoa magazini, akanionyesha kuwa ni tupu. Chini ya mtutu kulikuwa na kidude cheusi kidogo kuliko kiberiti. Akabonyeza. Nukta nyekundu ikatokea kwenye kalenda ya ukutani.

“Mura,” akasema, “wewe umesoma. Hii kitu inafaa au nimeibiwa?”

Mimi nimesoma, lakini sijasomea bastola. Nilimwomba siku tatu. Nikaanza kuuliza wazee, nikarudi kwenye vitabu vyangu vya chuo, na nikagundua kwamba swali la baba mdogo lina zaidi ya miaka mia moja katika nchi yetu.

Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya na mengine kadhaa yalikutana Brussels yakatia saini mkataba. Lengo lililotangazwa lilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake kulikuwa na vifungu vya silaha: kuanzia nyuzi 20 kaskazini mwa ikweta hadi nyuzi 22 kusini, bunduki za kisasa zisiingizwe kwa wenyeji. Kilichoweza kuruhusiwa, kwa masharti, ni bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara.

Tusimame hapo kidogo. Mifereji ndani ya mtutu ndiyo inayoizungusha risasi ili iende moja kwa moja. Bila mifereji, goroli la risasi linagongagonga kuta za mtutu na likitoka linakwenda linakotaka. Kwa maneno mengine mkutano ule haukusema Mwafrika asiwe na bunduki kabisa. Ulisema asiwe na bunduki inayopiga anapolenga. Gobore tunalolicheka leo kwa moshi na kelele zake ni mtoto wa mpangilio huo.

Kwa Wakurya habari hiyo ilikuwa ya mbali kidogo, maana misafara mikubwa ya pwani iliyosambaza bunduki ilipita zaidi magharibi na kusini ya ziwa kuliko upande wetu. Silaha za kwetu zilikuwa mkuki, ngao na upinde. Kwa majirani zetu Waikoma na wawindaji wengine wa Serengeti, upinde ulikwenda na sumu inayopikwa kutokana na mti ambao wataalamu wanauita Acokanthera. Inachemshwa mpaka inakuwa nyeusi kama lami. Ikiingia kwenye damu inashika moyo. Mzee mmoja aliniambia mshale wa sumu hauhitaji shabaha ya kichwa wala ya kifua. Ukikwaruza tu umemaliza kazi. Nilicheka, halafu nikaona ni jibu zito kwa swali la baba mdogo: kuna silaha ambazo hazitaki ulenge vizuri, zinataka ukaribie.

Kisha Wajerumani wakajenga kituo Shirati na ngome Ikoma. Magofu ya Fort Ikoma bado yapo. Mwaka 1917, vita kuu ikiwa imeshawaelemea Wajerumani, kikosi cha Naumann kilichojitenga na jeshi lao kikafika hadi Ikoma na kupigana hapo. Sisi shuleni tulifundishwa Vita ya Kwanza ya Dunia kama kitu cha Ulaya. Risasi zake zililia kilomita chache kutoka wanakoshuka watalii leo.

Shabaha yenyewe, ya jicho moja na pumzi iliyobanwa, Wakurya wengi waliipata KAR. Waingereza waliwapenda kwa jeshi, wakawaandika kwa wingi hasa katika Vita ya Pili. Walirudi na buti, makoti na hadithi za Burma. Bunduki zilibaki kambini, na wezi wa ng'ombe wa miaka ile waliendelea na mikuki na mishale.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya Vita ya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Tanzania ililazimika kupanua jeshi haraka kwa kuingiza mgambo, na vijana wa Mara walikuwa wengi. Mmoja wa makamanda wa brigedi alikuwa Brigedia Mwita Marwa, jina la Kikurya kabisa. Vita ikiisha, silaha hazihesabiki zote. Kule Karamoja wenyeji walivunja ghala la kambi ya Moroto mwaka huohuo wa 1979, na ufugaji wa kaskazini ya Uganda haukuwa kama zamani tena. Kwetu hapakuvunjwa ghala. Zilikuja moja moja, kwenye mabegi.

Mwanaanthropolojia wa Kimarekani, Michael Fleisher, aliishi Tarime katikati ya miaka ya 1990 na kuandika kitabu kuhusu wizi wa ng'ombe, kikatoka mwaka 2000. Anaeleza jambo ambalo wazee wa kwetu wanalijua ila hawapendi kulisema mbele ya wageni: wizi uliacha kuwa wa mahari na sifa, ukawa biashara. Ng'ombe anaibwa usiku, alfajiri yuko ng'ambo ya mpaka wa Kenya, anakuwa nyama au noti. Na uhusiano wa Wakurya na jeshi, pamoja na silaha za baada ya 1979, ulikuwa sehemu ya mabadiliko hayo. Mpaka wenyewe ni mstari uliopigwa na Waingereza na Wajerumani kwa makubaliano ya mwaka 1886. Watimbaru hawakuulizwa. Wairege hawakuulizwa.

Sasa angalia jinsi SMG ilivyotumika, kwa simulizi za nyumbani kwetu. Kwanza haikubebwa kiunoni. Ilifukiwa shambani ikiwa imefungwa nailoni, au ililala juu ya dari. Usiku wa kazi ndipo inafukuliwa. Pili, haikulengwa sana. Risasi ya kwanza inapigwa hewani ili watu walale chini, na wakati wamelala zizi linafunguliwa. Mwizi hakuhitaji kumpiga mtu. Alihitaji mtu asiinuke. (Wapo waliopigwa, na makaburi yao nayajua, sitaki mtu adhani napamba.)

Na nani aliwazuia? Serikali ilijaribu kwa operesheni. Ile ya Uhai ya mwaka 1989 ililenga majangili waliokuwa wakimaliza tembo na faru, Serengeti ikiwamo, na silaha nyingi zilikamatwa. Baadaye Tarime na Rorya zikafanywa kanda maalumu ya kipolisi. Lakini ukikaa na wazee watakwambia kilichobadilisha usiku wa kijiji ni sungusungu. Wazo lilianza kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, likafika kwetu likaungana na iritongo, ule mkutano wa wanaume wa ukoo. Silaha zao? Upinde, rungu, filimbi. Yowe likipigwa boma moja, kijiji kizima kinatoka, na wanaotangulia wanakimbilia vivuko na njia za mpakani, siyo zizini. SMG ina magazini ya risasi 30. Watu mia mbili gizani, kila upande, ni hesabu nyingine.

Sungusungu nao wamefanya mabaya yao, wamepiga watu wasio na hatia. Hiyo ni makala nyingine na nitaiandika.

Siku ya tatu ikafika, nikarudi kwa baba mdogo.

Leza ya kwanza duniani iliwashwa mwaka 1960 na Theodore Maiman kule Marekani. Watu wa rika letu tuliijua kwenye bastola kupitia filamu ya The Terminator ya mwaka 1984, tukiitazama kwenye vibanda vya video ikitafsiriwa na yule jamaa wa kipaza sauti. Sinema haikuonyesha kwamba leza ile ilihitaji umeme mkubwa, ikabidi chanzo chake kifichwe kwenye nguo za mwigizaji. Leo inaingia kwenye betri ndogo, kwa hiyo hilo limetatuliwa. Mengine hayajatatuliwa.

Nilimtoa nje saa saba mchana. Jua la Tarime unalijua, hewa ni baridi lakini mwanga unachoma. Bastola tupu, tukaelekeza kwenye ukuta wa stoo. Hatua tano, nukta inaonekana kwa kutafuta. Hatua kumi na tano, hakuna kitu. Zipo za kijani ambazo jicho linaziona vizuri zaidi mchana, lakini yake ni nyekundu. Na mnada ni mchana.

Nikamwambia aivae kiunoni kama siku zote. Ala yake ya ngozi ilishonwa kwa bastola isiyo na kidude. Haikuingia. Alikuwa ameipasua kidogo pembeni kwa kisu, na sasa bastola inacheza, na shati limevimba upande mmoja kama mtu aliyeficha embe. Unabeba kwa siri kitu ambacho kila dalali anakiona! Vumbi la mnadani nalo linakaa kwenye kioo chake kidogo, na swichi unaitafuta kwa kidole wakati mkono unatetemeka.

Haki yake nitaipa. Kwa mazoezi ya bastola tupu inafaa sana: unavuta triga, unaona nukta ikiruka, unajua mkono wako unakusaliti. Pia mtu aliyelala chini au aliyejibanza nyuma ya gari, asiyeweza kuinua bastola hadi usawa wa jicho, leza inaweza kumsaidia. Baba mdogo alitikisa kichwa kukubali. Halafu akanyamaza muda mrefu.

“Usiku inaonekana vizuri,” akasema mwishoni. “Vizuri sana.”

Ndipo akanieleza. Miezi miwili kabla, yowe lilipigwa boma la jirani. Alitoka na bastola. Mtu akapita kwenye migomba akikimbia kuelekea zizi letu. Akabonyeza, nukta ikakaa kifuani, imetulia kabisa kama msumari. Anasema hakuwahi kuona shabaha rahisi namna ile maishani. Kidole kilikuwa kwenye triga. Yule mtu akapuliza filimbi.

Alikuwa kijana wa jirani, sungusungu, amekuja kulinda ng'ombe wetu. Nimecheza naye mpira utotoni.

“Nukta haikuniambia ni nani,” baba mdogo akasema. “Iliniambia tu risasi itaingia wapi.”

Kijana hajui mpaka leo. Nimekaa naye siku mbili kabla ya kuondoka, tukanywa soda Sirari, sikuweza kumwambia. Baba mdogo ameniruhusu kuandika bila majina, na kwa kuwa Tarime ina akina baba mdogo wengi, nadhani atabaki salama.

Kidude amekifungua kwa bisibisi na kukiweka kwenye kopo la misumari. Ala anaishonesha upya. Mimi ameniagiza tochi kubwa ya kuchaji kutoka Kariakoo, yenye mwanga wa kumulika uso wa mtu kutoka zizini hadi kwenye migomba. Nitaituma kwa basi la Alhamisi.