Tundu la Moshi Juu ya Jukwaa: Sura Iliyoachwa Nje katika Hifadhi ya Majengo ya Kale

Miongoni mwa wahifadhi wa majengo ya kale nchini Uingereza na kwingineko Ulaya limekita mizizi dai kwamba dirisha la kutolea moshi, yaani dirisha la ukutani au la paani linalofunguka lenyewe moto unapotokea ili moshi upande na kutoka nje badala ya kuwaziba watu pumzi ngazini, ni kitu kigeni ambacho sheria za usalama za miaka ya karibuni zimekibandika kwenye majengo yasiyokijua. Kwa majumba ya makabaila na makanisa ya mawe dai hilo lina msingi. Kwa majumba ya maonyesho, ambayo ni sehemu kubwa ya urithi wa mijini wa karne ya 19, halina, na anayelirudia ama hajausoma au ameusoma na kuupuuza mhadhara ambao mhandisi wa Marekani John R. Freeman aliutoa mwishoni mwa mwaka 1905 mbele ya chama cha wahandisi mitambo wa nchi yake, ukachapishwa mwaka uliofuata kwa jina la On the Safeguarding of Life in Theaters. Wahandisi wa moto bado wanautaja. Katika maandishi ya wahifadhi hauonekani sana, pengine kwa sababu umejaa hesabu na hauna neno la kusifu mapambo ya plasta.

Kwamba majumba ya maonyesho huungua lilikuwa jambo linalojulikana zamani. Drury Lane ya London, iliyofunguliwa mwaka 1794 ikiwa na pazia la chuma la kutenga jukwaa na watazamaji pamoja na matangi ya maji juu ya paa, iliteketea yote Februari 1809. Taa za gesi zilipoingia, hatari iliongezeka, kwa kuwa juu ya jukwaa kulining'inia maturubai makavu yaliyochorwa mandhari, yamepangwa mstari nyuma ya mstari, na katikati yake safu za ndimi za moto. Hayo yameelezwa vya kutosha katika vitabu vingi, na hayahitaji kurudiwa hapa.

Kinachohitaji kurudiwa, kwa sababu kimeelezwa vibaya, ni mkasa wa Ringtheater mjini Vienna. Jioni ya tarehe 8 Desemba 1881, kabla ya onyesho kuanza, hitilafu katika kuwasha taa za gesi za jukwaani ilishika maturubai, na katika muda mfupi ukumbi mzima ukajaa moshi. Gesi ilipofungwa, giza likawa totoro, na watu zaidi ya 380 wakafa, wengi wao katika roshani za juu na kwenye ngazi zake, wakati huko nje ofisa wa polisi akitangaza kwamba wote wameokolewa. Maelezo yaliyozoeleka huanza na milango iliyofunguka kwa ndani na kuishia na taharuki, kana kwamba watu wa Vienna walijiua wenyewe kwa kukanyagana. Maelezo hayo yaliwafaa wenye majumba, kwani taharuki haina mwenye kushtakiwa, lakini hayaelezi kwa nini vifo vilikithiri juu, mbali na jukwaa, mahali ambapo moto ulichelewa kufika. Moshi ndio uliotangulia. Milango iliyofunguka kwa ndani ilikuwa kosa kubwa, na ni haki kwamba ilibadilishwa. Hata hivyo mtu aliyezimia katika kiti cha roshani ya juu hahitaji tena mlango wa aina yoyote.

Ili kuelewa kwa nini moshi uliwafuata watu wa juu, ni lazima kulitazama jumba la maonyesho la wakati huo kama dohani mbili zilizosimama bega kwa bega. Upande mmoja ni mnara wa jukwaa, yaani nafasi ndefu iliyo juu ya jukwaa ambamo maturubai huvutwa na kufichwa. Upande wa pili ni ukumbi wa watazamaji, ambao katikati ya dari yake mara nyingi palikuwa na duara la ndimi za gesi lililowekwa chini ya tundu refu linalotokeza paani. Taa hiyo ilikuwa na kazi mbili, kuangaza na kuvuta hewa chafu, kwa sababu joto la ndimi hizo liliifanya hewa ya ukumbi ipande na kutoka. Basi, moto ukitokea jukwaani na mnara wa jukwaa ukiwa umezibwa juu, dohani pekee iliyobaki wazi ni ile ya ukumbini, na moshi wote hupita chini ya tao la jukwaa, hutambaa darini na kuwafikia kwanza waliokata tiketi za bei ya chini. Ndivyo ilivyo kwamba kifaa kilichotiwa ili watu wavute hewa safi kiligeuka njia ya kuwapelekea hewa ya kuua.

Theatre Royal ya Exeter, iliyokuwa haijatimiza hata mwaka mmoja tangu ifunguliwe, ilithibitisha jambo hilo tarehe 5 Septemba 1887, ambapo watu 186 walifariki, na hao pia kwa sehemu kubwa walikuwa wa roshani ya juu. Kapteni Eyre Massey Shaw, mkuu wa kikosi cha zimamoto cha London, ambaye tangu mwaka 1876 alikuwa ameandika kitabu kizima kuhusu moto katika majumba ya maonyesho, alikabidhiwa kazi ya kuuchunguza mkasa huo. Baada ya hapo mamlaka za Uingereza zilizidi kukaza kanuni, na ndani ya kanuni hizo ndimo kilimokomaa kifaa ambacho makala hii inakitetea.

Kifaa chenyewe ni kibanda cha vioo kilichojengwa juu kabisa ya paa la mnara wa jukwaa. Pande zake ni milango ya fremu nyepesi yenye vioo vyembamba, iliyotiwa bawaba kwa namna ambayo uzito wake wenyewe huisukuma ifunguke. Kinachoizuia ni kamba tu: kamba hiyo hushuka kupitia makapi hadi pembeni mwa jukwaa, mahali anaposimama msimamizi wa onyesho, na hufungwa hapo karibu na kisu au shoka dogo, ili atakayeona moto aikate bila kutafuta ufunguo. Katikati ya kamba, juu karibu na paa, huwekwa kiungo kiyeyukacho, nacho ni vipande viwili vya metali vilivyounganishwa kwa lehemu inayoyeyuka kwenye joto la nyuzi 70 hivi za Selsiasi. Hata kama msimamizi amekimbia, joto la moto huachanisha vipande hivyo, kamba hulegea, na milango huanguka wazi. Vioo navyo viliachwa vyembamba kwa makusudi, ili kila kingine kikishindwa, vipasuke. Kanuni iliyozoeleka Uingereza ilitaka jumla ya uwazi wa kibanda iwe walau sehemu moja ya kumi ya eneo la jukwaa. Kanuni za Marekani za leo huridhika na asilimia 5.

Jengo lililoionyesha dunia gharama ya kutokuwa na uwazi huo lilikuwa Iroquois Theatre ya Chicago, nalo ndilo Freeman alilolisoma kwa undani kuliko jengo jingine lolote. Lilifunguliwa Novemba 1903 likitangazwa kuwa haliwezi kuungua. Tarehe 30 Desemba ya mwaka huohuo, katika onyesho la mchana lililojaa akina mama na watoto, cheche za taa ya umeme zilishika pazia, pazia la asbesto lililopaswa kuutenga moto likakwama njiani, na waigizaji walipofungua mlango wa nyuma ili watoroke, upepo wa baridi ukaingia kwa kasi. Juu ya jukwaa palikuwa na matundu ya moshi, lakini yalikuwa yamefungwa, kazi yake haijakamilishwa. Moto ukakosa pa kupandia, ukatoka kwa njia pekee iliyokuwepo, chini ya pazia lililokwama, ukawaelekea watu wa roshani. Walikufa takriban 600. Jengo lenyewe halikuungua: kuta na paa vilisimama, mwaka uliofuata likafunguliwa tena kwa jina jingine, na likabomolewa miaka ya 1920 kwa sababu za kibiashara. Kwa kipimo cha mhifadhi anayehesabu mawe peke yake, Iroquois ilifaulu.

Freeman alikuwa mtu wa hesabu za maji na wa bima za viwanda, naye hakuwa na subira na matangazo. Alijaribu vipande vya vitambaa vya asbesto akaonyesha kwamba vikipata joto kali hupoteza nguvu, hivyo akataka pazia la chuma. Alipendekeza vinyunyizio vya maji juu ya jukwaa. Lakini juu ya yote alisisitiza tundu kubwa la moshi linalofunguka bila kumtegemea mtu. Hoja yake ilitiwa nguvu na majaribio yaliyofanyika Vienna mwaka 1905, ambapo wahandisi wa Austria walijenga jumba dogo la mfano na kulichoma moto mara kadhaa huku wakibadilisha hali ya matundu. Matundu yalipofungwa, msukumo wa gesi za moto uliujaza ukumbi moshi na kuzima taa. Yalipofunguliwa, mkondo wa hewa uligeuka, ukawa unatoka ukumbini kuelekea jukwaani na kupanda juu. Kwa maneno mengine, mlango uleule ulio chini ya tao, ambao katika hali ya kwanza ulikuwa mdomo wa moshi, katika hali ya pili ulikuwa njia ya hewa safi, na tofauti yote ilikuwa paani.

Mjini Edinburgh, tarehe 9 Mei 1911, moto ulizuka jukwaani mwa Empire Palace wakati wa onyesho la mwanamazingaombwe aliyejiita The Great Lafayette. Pazia la usalama lilishushwa, bendi ikapiga wimbo wa taifa, na watazamaji wapatao 3,000 wakatoka wote wakiwa hai kwa muda wa dakika mbili na nusu hivi, ilhali waliofariki, akiwemo Lafayette mwenyewe, walikuwa nyuma ya pazia. Ukweli huo wa kuhuzunisha ni sehemu ya historia ya vifaa hivi: vililenga kuwaokoa walionunua tiketi, na waliofanya kazi jukwaani waliachiwa miguu yao.

Miaka iliyofuata haina mengi ya kusimulia, isipokuwa kwamba gesi iliondoka, sinema zikachukua nafasi ya majumba mengi, na vibanda vya paani, vilivyoonekana kuwa ni vya kuvujisha mvua, kupitisha kelele za barabarani na kulea njiwa, vikawa vitu vya kuzibwa au kuondolewa. Sheria ya mwaka 1947 iliyoanzisha utaratibu wa kuorodhesha majengo ya kulindwa nchini Uingereza ilivikuta vingine tayari vikiwa vibovu. Kwa hiyo pale ambapo mhifadhi wa leo anakataa kibanda kipya kwa hoja kwamba kitaharibu mandhari ya paa, mara nyingine paa analolitetea ni paa lililokwishaharibiwa.

Kwa nyumba nyingine za urithi suala ni jembamba zaidi. Nyumba ya zamani inapogeuzwa kuwa vyumba vya kupangisha, mwongozo wa ujenzi wa Uingereza huweza kutaka uwazi wa mita 1 ya mraba juu kabisa ya ngazi, unaofunguliwa na kitambua moshi. Dirisha la fremu za kupandisha na kushusha halifai kwa urahisi, kwa kuwa fremu moja huifunika nyingine na nusu tu ya dirisha ndiyo huwa wazi; dirisha la bawaba hufaa, lakini mota yake yenye mnyororo, hata iwe nyembamba, huonekana kwenye ubao wa zamani na hutaka kutobolewa. Waliofanikiwa zaidi ni wale waliotumia mwanga wa paani uliokuwapo tangu awali juu ya ngazi, wakaitia fremu yake bawaba, wakaficha mota ndani ya kizingiti chake, na kuacha makombamoyo bila kukatwa. Kutoboa paa la vigae vya mawe upande unaotazama barabara, wakati upande wa nyuma upo, ni uvivu wa msanifu, na katika hilo wahifadhi wana haki ya kugoma.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya matundu inatoka Glasgow. Jengo la chuo cha sanaa lililobuniwa na Charles Rennie Mackintosh, lenye daraja la juu la ulinzi nchini Scotland, lilishika moto tarehe 23 Mei 2014, na uchunguzi wa kikosi cha zimamoto ulionyesha kwamba mifereji ya hewa iliyojengwa pamoja na jengo lenyewe ilisaidia kuubeba moto kutoka chini hadi juu. Mfumo mpya wa kunyunyizia ukungu wa maji ulikuwa bado unafungwa. Moto wa pili wa Juni 2018 ulimaliza karibu yote yaliyobaki. Wako wanaohitimisha kwamba katika jengo la kale kila tundu ni adui na dawa ni kuziba. Hitimisho hilo linastahili kusikilizwa, kwa sababu linatokana na majivu halisi, ila linachanganya vitu viwili: mfereji uliofichwa, unaopita vyumba vingi bila kizuizi, na tundu la juu la chumba kimoja linalotoka moja kwa moja angani. Hoja ya pili, kwamba maji ya vinyunyizio huupoza moshi ukapoteza nguvu ya kupanda, na kwamba tundu likifunguka mapema huweza kuchelewesha vinyunyizio kufanya kazi, imewagawa wahandisi wenyewe kwa miongo mingi, na kila jengo linahitaji hesabu yake.

Hata hivyo hesabu haiwezi kufanyika kwa kifaa ambacho hakuna aliyekiandika. Katika maombi ya kibali cha kukarabati jumba la maonyesho linalolindwa, kibanda cha jukwaa kinastahili kupimwa na kuchorwa sawasawa na tao lililopakwa dhahabu: eneo la uwazi wake, mwelekeo wa bawaba, njia ya kamba, mahali pa kiungo kiyeyukacho. Mota za volti 24 zinazowekwa badala yake hupimwa kama zinafungua dirisha lote ndani ya sekunde 60, na huungwa na betri za akiba zinazokusudiwa kuhimili saa 72 umeme ukikatika. Anayependekeza kuondoa kamba ya zamani ili aweke mota hiyo ana wajibu wa kuonyesha kitakachofungua milango siku betri ikiwa imekufa, kwa kuwa kibanda anachokiondoa kilifunguliwa na uzito wa milango yenyewe.