Betri Ikikufa, Piga Kiki

Boda boda ilianza na baiskeli, ikivusha watu mpakani Busia. Pikipiki zilifurika kuanzia 2008, serikali ilipoondoa VAT kwa zile za chini ya cc 250. Zilikuwa rahisi kununua, na fundi yeyote wa kando ya barabara alizielewa.

Nilipoacha chuo niliendesha ya mtu, mpya, imejaa sensa, haina kiki. Taa ya injini ikawaka. Fundi wetu akaitazama tu, hana mashine ya kuisoma. Siku nne bila senti, na mwenyewe bado anadai hesabu yake!

Sasa nina Boxer kuukuu. Inakunywa petroli, sawa. Juzi ilizima saa moja asubuhi. Nikafungua kabureta, nikapuliza jeti. Saa moja unusu nilikuwa stejini.