Kalambo: Magogo Mawili Juu ya Maporomoko

Mgeni anayefika Kalambo huambiwa kwanza habari za urefu. Si ajabu: mto unaanguka kwa mkupuo mmoja zaidi ya mita 200, mpakani mwa Tanzania na Zambia, kisha unashika korongo kuelekea Ziwa Tanganyika. Victoria, yenye jina kubwa duniani, ina mita 108 tu. Lakini historia nzito ya Kalambo iko juu ya maporomoko, mchangani, mto ukiwa bado unakwenda taratibu.

Mwaka 1953 mwanaakiolojia Mwingereza, J. Desmond Clark, alianza kuchimba kando ya mto huo. Alipata zana za mawe, akapata na mbao, jambo adimu, maana mbao huoza. Hizi zilinusurika kwa sababu zilifukiwa kwenye udongo uliolowa maji miaka yote, hewa isizifikie. Umri wake ukabaki fumbo. Vipimo vya wakati ule havikuweza kurudi nyuma kiasi hicho.

Jibu lilikuja Septemba 2023. Timu ya Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool, iliyochimba upande wa Zambia mwaka 2019, ilieleza katika jarida la Nature kuwa imekuta magogo mawili yaliyopandana, la juu likiwa limechongwa pengo ili likae juu ya lenzake lisiteleze. Fundi yeyote wa kupaua anaujua mkato huo. Umri wake: miaka 476,000 hivi. Binadamu wa aina yetu alikuwa hajatokea! Huenda ilikuwa sakafu ya kukwepa tope, au msingi wa kibanda. Watafiti hawajakata shauri.

Mto wenyewe ulifanywa mpaka na Waingereza na Wajerumani katika mkataba wa mwaka 1890, uleule ulioiweka Zanzibar chini ya Uingereza. Ndiyo maana magogo yalipatikana Zambia, na upande wa Rukwa kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia Kalambo, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Misitu ya miombo imezunguka, na kwenye genge la mwamba kongoti hujenga viota wakati wa kiangazi.

Urefu unastahili sifa, sikatai. Ila waongozaji wageni wa pande zote mbili wangeanza na yale magogo, mita zikafuata baadaye.