KABLA YA BUTI KUNA BEGI: Mzigo wa kuruta wa Heru Juu, toka enzi za manamba mpaka JKT ya leo

Mjini mtu akipangiwa JKT watu wanawaza kwata, mchakamchaka na kipara. Ila nenda Heru Juu, kule Kasulu, majina ya waliomaliza kidato cha sita yakishatoka. Ishu ya kwanza nyumbani siyo kwata, ni begi. Nani atanunua hivyo vitu?

Maana orodha ipo na haina utani. Bukta ya bluu iliyokolea, ya mpira kiunoni, bila zipu, ifike magotini. Fulana ya kijani. Raba za michezo. Shuka mbili za bluu bahari. Soksi ndefu nyeusi. Trakisuti. Nguo za baridi kwa waliopangiwa kambi za baridi. Vyeti vya shule, na nauli ya kwenda na kurudi. Kwa mtoto wa Masaki hiyo ni safari moja ya Kariakoo. Kwa mtoto wa mkulima wa maharage ni gunia linauzwa kabla bei haijapanda.

Na haya mambo ya kijana wa Buha kuondoka na mzigo hayakuanza juzi.

Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Enzi za Mwingereza, Waha walikuwa kati ya watu waliochukuliwa kwa wingi kwenda kukata mkonge. Wakaitwa manamba, kwa sababu kazini mtu alijulikana kwa namba. Aliondoka na anachoweza kubeba mkononi. Akirudi na blanketi zuri na nguo mpya, kijiji kizima kilijua huyu katoka mkongeni.

Wengine walienda jeshini. Kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia askari wa KAR walitembea pekupeku, buti hamna kabisa. Vita ya Pili ikachukua vijana zaidi ya 80,000 kutoka Tanganyika, na baadhi walifika mpaka Burma. Huko nguo na blanketi vilitolewa na jeshi. Kuruta hakuulizwa baba yake ana uwezo gani.

Tukaja kwenye uhuru. JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Mwaka 1966 serikali ikataka wasomi nao waende kwa lazima, wakae kambini miezi kadhaa, kisha wafanye kazi kwa sehemu tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wa chuo wakaandamana Dar es Salaam. Nyerere akawarudisha nyumbani karibu 400, na yeye mwenyewe akajikata mshahara kwa asilimia 20. Ugomvi ulikuwa wa pesa, ila swali lililokuwa ndani yake lipo mpaka leo: gharama ya kulitumikia taifa aibebe nani?

Mafunzo ya lazima yalisimama mwaka 1994 na kurudi 2013. Mkoa wa Kigoma una Bulombora, Kanembwa na Mtabila. Hiyo Mtabila iko hapo hapo Kasulu, na jina lake lilijulikana kwanza kama kambi ya wakimbizi wa Burundi, iliyofungwa mwaka 2012. Pale palipokaa watu waliokimbia na furushi moja kichwani, sasa vijana wanashuka na shangazi kaja zao.

Ukimaliza ukuruta ndo utajua vitu vyenye maana ni vidogo. Kufuli la tranka, maana hangani mko wengi na bukta zinafanana. Sindano na uzi, kifungo kikikatika ushone mwenyewe. Kiwi na brashi ya buti. Wembe, sabuni, ndala. Kwa mabinti, taulo za kike za kutosha, kwa sababu duka haliko mlango wa pili. Vingi vya hivi havionekani kwenye orodha, ila kaka au dada aliyepita operesheni ya nyuma anavijua. Ndiyo maana shuka ile ile unaweza kuikuta imetumiwa na watoto watatu wa nyumba moja, na hakuna cha kuona aibu hapo.

Halafu kuna kitu kimoja chepesi kuliko vyote: cheti cha JKT. Matangazo ya kuandikishwa jeshini yamekuwa yakikitaka. Manamba alibaki na namba yake, kijana wa leo anabaki na karatasi. Raba zitachanika na trakisuti itapauka, ila hiyo karatasi ikiloa kwenye mvua za Kasulu, miezi yako ya jasho utaielezea kwa mdomo tu. Iweke kwenye nailoni, kopi mbili muachie mama.

Wadau mliopita JKT, kitu gani mlikisahau nyumbani mkakijutia? Na nyie wazazi, begi zima liligharimu shilingi ngapi? Shukeni hapo chini, kuna mdogo wenu anapanga begi sasa hivi.