Spika za zamani na za kisasa: Umri pekee si kigezo cha ubora

MPENZI wa muziki anayetaka kununua jozi ya spika kubwa za kusimama sakafuni aghalabu hujikuta kwenye njia panda: achukue za kale zilizosifika enzi zake, au mpya ambazo bei yake yaweza kununua gari?

Wapo wanaoshikilia kuwa ya kale ni dhahabu. Wengine huamini kwamba teknolojia ya leo imezipiku kabisa za jana. Ukweli ni kuwa vizazi hivi viwili vya spika viliundwa kutatua matatizo tofauti, na anayeielewa tofauti hiyo hatapoteza pesa zake bure.

Chukua mfano wa Klipschorn, iliyobuniwa na Mmarekani Paul Klipsch mwaka wa 1946. Wakati huo amplifaya zilitumia valvu za kioo na nguvu zake zilikuwa wati chache tu. Klipsch alitumia mfereji wa mbao unaopanuka mithili ya baragumu, akazifanya kuta za chumba kuwa sehemu ya mfereji huo. Ndiyo sababu spika hiyo huwekwa kwenye pembe ya chumba.

Kwa wati moja tu, kiwanda hutangaza kwamba Klipschorn hutoa sauti ya desibeli 105 katika umbali wa mita moja. Spika ya B&W 801 D4 ya Uingereza, iliyotoka mwaka wa 2021, imekadiriwa kuwa na desibeli 90. Kwa kuwa kila ongezeko la desibeli tatu hudai nguvu maradufu, spika hiyo mpya itahitaji nguvu takriban mara 32 ili kufikia kiwango hicho cha sauti.

Je, huko si kurudi nyuma? La hasha. Anton Hofmann, mmoja wa waasisi wa kampuni ya KLH ya Marekani, alieleza kanuni ambayo wahandisi hawajaweza kuikwepa: kasha dogo, besi nzito na sauti kubwa kwa nguvu kidogo havipatikani vyote pamoja. Ukipata viwili, lazima uache cha tatu. Wa kale waliacha udogo wa kasha. Wa leo, wenye amplifaya za mamia ya wati, wameacha sauti kubwa kwa nguvu kidogo.

Spika ya 801 yenyewe inaonyesha safari hiyo. Ya kwanza, iliyotoka mwaka wa 1979, ilitumiwa katika studio za Abbey Road, London. Ilikuwa na koni moja pana ya besi, huku sauti za kati na za juu zikitengewa kichwa chao ili zisichafuliwe na mtikisiko wa kasha la chini. Mrithi wake wa 2021 amedumisha wazo hilo, ila kichwa ni cha alumini, koni za besi ni mbili, na kuba ya sauti za juu imeundwa kwa almasi ili isipinde inapotetema. Kila moja ina uzito wa kilo 100 hivi.

Sumaku nazo zina historia iliyogusa bara letu. Spika nyingi za kale zilitumia alniko, mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti. Vita vilipozuka Kolwezi, jimbo la Shaba nchini Zaire (sasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), mwaka wa 1978, bei ya kobalti ilipaa na viwanda vingi vikahamia sumaku za feriti. Hadi leo wapo wanaozisaka spika za alniko kama lulu, ingawa sumaku ya feriti iliyosanifiwa vyema hufanya kazi barabara.

Hatua kubwa zaidi ilikuwa katika upimaji. Neville Thiele wa Australia mwaka wa 1961, na baadaye Richard Small katika miaka ya 1970, walionyesha namna ya kukokotoa besi ya kasha lenye tundu kabla hata ya kukata mbao. Awali, mengi yalikuwa ya kubahatisha.

Anayenunua spika kuukuu aanze na ukingo unaoizunguka koni. Ukingo wa sponji huoza baada ya miaka 15 au 20, na mapema zaidi penye joto na unyevu kama Mombasa au Lamu. Ukiugusa taratibu na ukamong'onyoka, lazima ubadilishwe. Ule wa mpira hudumu zaidi, na wa kitambaa waweza kuishi miongo mingi. Aidha, kapasita zilizo ndani hukauka na kuififisha sauti. Zote mbili hurekebishika. Koni iliyoraruka ambayo haiundwi tena ni balaa.

Anayenunua mpya naye akague amplifaya yake kwanza. Ukinzani wa 801 D4 hushuka hadi omu 3, mzigo ambao amplifaya dhaifu haiwezi kuubeba. Vilevile apime chumba: wimbi la besi ya hezi 30 lina urefu wa zaidi ya mita 11, na katika chumba kidogo besi hugeuka mngurumo.

Mwisho, sikiliza bila kutazama. Katika miaka ya 1980, mtafiti Floyd Toole wa Canada aliwasikilizisha watu spika zilizofichwa nyuma ya pazia. Wengi walichagua zile zenye sauti iliyosawazika, zisizotia chumvi besi wala sauti za juu. Majaribio ya mwaka wa 1994 yalidhihirisha kuwa watu walipoziona spika, maoni yao yalibadilika.

Basi mwombe muuzaji azifunike kwa shuka, kisha uchague kwa masikio. Nembo na umri havisikiki.