Mali Bila Daftari: Historia Fupi ya Programu za Mezani na za Mtandaoni

Ndugu zangu mliosoma zamani, nanyi wanafunzi mliopo shuleni hivi sasa,

Mhariri ameniomba niandike machache juu ya jambo litakaloamuliwa katika mkutano wetu wa mwaka huu. Daftari la wanachama na hesabu za mfuko wa karo zitunzwe kwa programu iliyowekwa ndani ya kompyuta ya chama, au kwa programu ya mtandaoni ambayo kila mjumbe ataifungua kwa simu popote alipo? Wazee wengi wanaitaka ya kwanza. Vijana wanaona hata kuuliza ni kupoteza wakati. Mimi nilikuwa mwalimu wa historia, basi nitajibu kwa historia.

Vijana hudhani kwamba kufanya kazi kwenye kompyuta iliyo mbali ni jambo jipya. Sivyo. Katika miaka ya 1960 kompyuta ilikuwa mtambo wa kujaza chumba kizima, na bei yake haikusemeka. Mwezi Novemba 1961, Fernando Corbató na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha mfumo uliowawezesha watu kadhaa kutumia mtambo mmoja kwa wakati mmoja. Mwezi Mei 1964, John Kemeny na Thomas Kurtz wa chuo cha Dartmouth waliwafungulia wanafunzi wao mfumo wa namna hiyo, pamoja na lugha nyepesi ya BASIC. Mwanafunzi alikaa mbele ya mashine ya kuchapia, lakini kazi yake ilikaa katika mtambo wa chuo. Mtambo ukisimama, wote walisimama.

Hapa Tanzania kompyuta ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Ndiyo maana wengi wa rika langu tulimaliza shule bila kuiona hata moja.

Wakati huo huo, huko ng'ambo, mashine zilikuwa zikipungua ukubwa na bei. Mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa VisiCalc, programu ya majedwali ya hesabu kwa kompyuta ya Apple II. Mwezi Agosti 1981 kampuni ya IBM ikatoa kompyuta yake ya mezani. Mwenye duka au mhasibu hakuhitaji tena kuomba nafasi katika mtambo wa mtu mwingine: programu ilikuwa yake, na diski ilikaa katika saraka ya meza yake. Huo ulikuwa uhuru wa kweli. Lakini uhuru huo ulikuja na mzigo. Diski iliharibika, mashine iliibwa, na kila ofisa alikuwa na nakala yake ya hesabu, isiyolingana na ya mwenzake.

Kisha gurudumu likazunguka tena. Mwaka 1989 Tim Berners-Lee, akiwa CERN karibu na Geneva, alipendekeza mfumo tunaouita leo wavuti, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN iliuacha utumiwe na watu wote bure. Mwaka 1996 Hotmail iliwapa watu barua pepe ndani ya kivinjari. Gmail ilifuata mwaka 2004, na mwaka 2006 Google ilinunua Writely, programu ya kuandikia mtandaoni. Kazi ikarudi katika mtambo wa mbali, kama enzi za Dartmouth. Faida yake ni kubwa: nakala ni moja tu, watu wa miji mbalimbali huiandika pamoja, na kompyuta ikiungua daftari haliungui.

Lakini mtambo wa mbali hufikiwa kwa njia, na njia hukatika. Kwetu Afrika Mashariki, kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kuanza kazi mwezi Julai 2009, tulitegemea setilaiti, polepole na kwa gharama kubwa. Hata baada ya mikongo kuwa mingi, tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na kwingineko. Tena mwenye mtambo anaweza kufunga duka. Mwezi Julai 2013 Google iliifunga Google Reader, ingawa watumiaji wengi walilalamika.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mfuko wetu ni ada ya watoto ambao wazazi wao hawana kitu. Hesabu zikipotea, hakuna mjumbe atakayefukuzwa darasani. Atakayefukuzwa ni mtoto.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Daftari na hesabu ziwe mtandaoni, kwa kuwa wajumbe wetu wametawanyika na wote wanapaswa kuona tarakimu zile zile. Lakini kwa masharti matatu. Kwanza, akaunti iwe ya chama, si ya katibu binafsi, na neno la siri lijulikane na viongozi wawili. Pili, kila mwisho wa mwezi mhazini ashushe nakala nzima, katika faili linalosomeka na programu nyingine, na aihifadhi mahali pawili. Tatu, programu isiyoturuhusu kuondoka na hesabu zetu tusiiguse, hata ikiwa ya bure. Kazi ya mtu mmoja, kama kupanga kurasa za gazeti hili, ibaki katika programu ya mezani. Haihitaji mtandao, na umeme ukirudi inaendelea.

Nanyi wanafunzi, mkipewa programu yoyote, msiulize kwanza kama ni mpya. Ulizeni kazi yenu italala wapi usiku, na nani ana ufunguo.

Wasalaam.