Stara ya ua na mpaka wa shamba: nani ana haki gani?

Huku kwetu Pwani, majirani wa mashambani wakikosana husemwa wanagombania mpaka. Nimekaa vikao kadhaa vya namna hii, na nilichokiona ni kuwa mara nyingi mpaka wenyewe haupingwi. Kinachogombaniwa ni stara. Mtu hakatai kuwa mnazi ni wa jirani yake. Analokataa ni mkwezi kupanda bila kubisha hodi ilhali mabinti zake wako uani. Shauri la stara likishageuzwa kuwa kesi ya ardhi, huchukua miaka, na aliyeanza kulalamika hubaki na tatizo lile lile.

Kwa hivyo nimeonelea niyatenge mambo matatu ambayo watu huyachanganya: kupita, kuona na kupiga picha.

Tuanze na kupita. Pwani mtu aweza kumiliki minazi au nyumba bila kumiliki ardhi iliyo chini yake. Mwenye minazi atataka kuangua nazi zake, na mwenye ardhi atataka kujua nani anaingia kwake. Kisha kuna vijia vya kisimani, msikitini na baharini ambavyo vimekatiza mashamba ya watu tangu enzi za mababu. Sheria ya Kenya ya muda wa kufungua mashtaka yasema njia iliyotumiwa kwa amani, waziwazi na bila kukatizwa kwa miaka 20, kama haki ya anayepita, yaweza kuwa haki kamili. Lakini aliyepita kwa ruhusa na hisani ya mwenye shamba hahesabiwi hivyo. Ndiyo maana nashauri ruhusa iandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wawili watie sahihi. Anayetoa ruhusa hapotezi shamba lake, na anayepewa hafungiwi njia ghafla.

Haki ya kupita nayo si haki ya kuchungulia. Sura ya An-Nur imetuamuru tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na tuwatolee salamu wenyewe, na tukiambiwa turudi, turudi. Desturi ya mkwezi kupiga ukelele kabla ya kupanda inatokana na adabu hiyo hiyo: walio chini wapate kujisitiri. Sura ya Al-Hujurat nayo imekataza kupelelezana.

La pili ni kuona. Wazee wa Lamu, mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, walijenga nyumba za mawe zenye daka la kumpokea mgeni nje, na vyumba vilivyotazama kiwanda cha ndani badala ya barabara. Shamba halina kuta hizo. Lina ua wa makuti, na ua wa makuti hausaidii kitu jirani akijenga ghorofa na dirisha likatazama bafu lako. Hapa wengi hukimbilia ofisi ya ardhi na kurudi mikono mitupu, kwa sababu jirani amejenga ndani ya kiwanja chake. Mlango wa kugonga ni serikali ya kaunti. Kwa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, ujenzi wahitaji kibali cha kaunti, na pingamizi lina nguvu zaidi kabla ukuta haujasimama. Ukiona mawe na mchanga vinashushwa, nenda kwa jirani siku hiyo hiyo. Kuhamisha dirisha kwenye mchoro ni kazi ya penseli. Kulihamisha ukutani ni gharama na uadui.

La tatu ni kamera. Siku hizi mwenye nyumba ya wageni hufunga kamera kwa ajili ya wezi, na kamera hiyo hunasa ua wa pili. Kifungu cha 31 cha Katiba chalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeunda ofisi ya Kamishna wa kupokea malalamiko. Sheria hiyo imeacha nje mambo ya mtu binafsi ya nyumbani kwake. Lakini kwa maoni yangu, anayerekodi ua wa jirani hawezi kusema hayo ni mambo ya nyumbani kwake. Kwanza mwombe aigeuze kamera. Akikataa, andika malalamiko.

Na mpaka wenyewe ukiwa na shaka? Kwa ardhi iliyosajiliwa, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 yamtaka msajili aamue mpaka kwanza kabla mahakama haijasikiliza kesi hiyo. Baadaye ndipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kadhi hana mamlaka hapo. Kifungu cha 170 kimempa hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake. Shamba la urithi lisilogawanywa, hilo laweza kuanzia kwa kadhi, na migogoro mingi ya ndugu waliopakana chanzo chake ni mirathi iliyoachwa hivi hivi.

Katiba pia yahimiza njia za usuluhishi za jadi, kwa hivyo kikao cha wazee hakipingani na sheria. Kiwe na wanawake. Wao ndio wanaooga, kupika na kuanika nguo uani, na nimeona vikao vya wanaume watupu vikipima mpaka kwa hatua za miguu pasina mtu kuuliza bafu liko upande gani.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema Jibril alimuusia jirani mpaka akadhani atafanywa mrithi. Jirani wa daraja hiyo hastahili kujificha ndani ya ua wake mwenyewe.